Saa tisa usiku nani yuko humu ndani? Hospitali niliyojifungulia Nairobi

Nauza mahamri na mbaazi South C, mtaa wa hapa Nairobi. Meza yangu iko mlangoni mwa jumba tunalokaa, tangu alfajiri mpaka saa tatu hivi, kwa hiyo wateja wangu ni watu wa kazini na wanafunzi. Mimba yangu ya pili ilipoanza kuonekana, kila mmoja alikuwa na hospitali yake ya kunitajia. Nenda pale, vitanda vyao ni vya umeme. Nenda kule, ukitoka unapewa kikapu cha zawadi, nepi na sabuni ndani. Mteja mmoja, tena mwanamume, aliniapia kwamba hospitali fulani chai yake inatiwa iliki. Nikacheka, lakini nikaiandika pamoja na nyingine.

Nilikuwa na sababu ya kuandika. Binti yangu wa kwanza nilimzaa miaka sita nyuma katika hospitali ya binafsi ambayo sitaitaja jina, maana waliokuwa zamu usiku ule pengine hawako tena pale. Ilikuwa hospitali ya kupendeza. Mapazia ya zambarau, televisheni ukutani, samaki wa rangi wakiogelea kwenye tangi pale mapokezi. Uchungu ulinishika Ijumaa jioni. Ilipofika saa tisa usiku mapigo ya moyo ya mtoto yakaanza kushuka, nesi akasema lazima daktari aje. Daktari alikuwa kwake amelala, Syokimau. Mume wangu alishika saa: alifika baada ya saa nzima na dakika arubaini. Mtoto alitoka salama, alhamdulillahi, lakini niliongezwa njia bila kuulizwa, nikajua nilipoanza kushonwa. Samaki walikuwa bado wanaogelea tulipotoka.

Ndiyo maana safari hii nilizunguka na swali moja. Sikuuliza habari ya chai. Niliuliza: saa tisa usiku, nani yuko humu ndani?

Nilikwenda mahali patano, na majibu yalinifundisha zaidi kuliko vile vikaratasi vyao vinavyong'aa. Mahali pa kwanza binti wa mapokezi alinijibu kwa tabasamu, "Usijali mama, madaktari wetu wanapatikana saa ishirini na nne." Kupatikana! Hata mimi napatikana saa ishirini na nne, simu yangu haizimwi, lakini ukitaka mahamri uje alfajiri. Nikamwambia sikuuliza kupatikana, nimeuliza kuwepo. Akaenda kumwita mtu, na huyo mtu hakuja.

Mahali pa pili palikuwa kituo cha afya cha serikali karibu na kwetu, ngazi ya tatu. Nesi wa pale, mama mtu mzima mwenye miwani ya kamba, alinijibu bila kuzunguka: "Sisi hatuna thieta, chumba cha upasuaji. Ukizaa kawaida, karibu, tutakuzalisha vizuri. Ukikwama tutakukimbiza kwingine, na kukimbizwa usiku unajua mwenyewe." Nilimpenda kwa ukweli wake. Kujifungua sikwenda kwake, lakini kliniki zangu zote nilifanyia pale: damu, mkojo, presha, sindano ya pepopunda, vidonge vya kuongeza damu vinavyokufanya uende choo cheusi kama makaa. Shirika la Afya Duniani linataka mama aonwe mara nane kabla ya kuzaa. Mimi nilionwa saba, maana wiki moja ya Ramadhani niliikimbia foleni.

Pumwani nilikwenda na jirani yangu ambaye wanawe watatu wote wamezaliwa huko. Ile hospitali ipo tangu 1926, ilianza kwa jina la Lady Grigg, na mwaka 2019 ndiyo iliyofungua benki ya kwanza ya maziwa ya mama hapa nchini, kwa ajili ya vichanga ambao mama zao hawajaweza kuwanyonyesha. Nilipomwuliza jirani yangu lile swali langu alinitazama kama niliyeuliza kama baharini kuna maji. "Pumwani saa tisa usiku? Hiyo ndiyo saa yao ya kazi." Kilichonizuia ni njia tu. Nilitaka mahali ambapo kutoka South C usiku, mvua ikinyesha, sitapita katikati ya jiji.

Pa nne sina la kusema. Bei yao ilinitoa mlangoni.

Pa tano ndipo nilipozaa, na ndipo maoni haya yanapohusu. Jina siliweki, kwa sababu nina lawama zangu nitakazozitoa mbele na sitaki kumharibia mtu riziki. Ni hospitali ya binafsi, ghorofa tatu, rangi ya nje imebabuka, na ukiipita kwa gari utadhani ni ofisi za mawakili. Muuguzi mkuu wa wodi ya wazazi hakunijibu kwa mdomo. Alinishika mkono akanipeleka kwenye ubao wa zamu. Wakunga watatu usiku. Daktari mmoja, analala chumba kile pale mwisho wa ujia. Akagonga mlango kuonyesha, na kweli ndani palikuwa na kitanda na viatu vya mtu. Mtaalamu wa nusukaputi anaitwa kutoka nyumbani, lakini nyumbani kwake ni mtaa wa pili. Thieta iko ghorofa hiyo hiyo, hakuna kungoja lifti.

Nikaona nimempata mtu wa kujibu, nikamwuliza yote. Damu ikitakikana inatoka wapi? Kwenye friji yetu kuna chupa nne za kuanzia, akasema, zaidi ya hapo tunatuma mtu, na kutuma kunaweza kuchukua saa mbili. Presha ikipanda, dawa ya kuzuia kifafa cha mimba mnayo, au mtaniandikia mume wangu akaitafute maduka ya dawa usiku? Akafungua sanduku jekundu la dharura akanionyesha magnesiamu salfeti, nikasoma tarehe, ilikuwa bado. Mtoto akija kabla ya siku zake? Nasari ina vitanda vinne vya joto, lakini aliye chini ya wiki 32 hawamweki, wanampeleka Hospitali ya Kenyatta. Gari la kumpeleka liko wapi? Chini. Nikashuka nikalitazama. Magurudumu yana upepo. Mume wangu aliona haya, akajifanya anaongea na simu.

Kuna mambo aliniambia hawana, na hayo ndiyo yaliyonifanya niamini yale aliyosema wanayo. Sindano ya mgongoni ya kuondoa uchungu hawana. Ukitaka, ya begani ipo, inapunguza kidogo. Chumba cha peke yako wakati wa uchungu hakuna, mtakuwa watatu na pazia katikati. Bei: uzazi wa kawaida 48,000, upasuaji 125,000. Mume wangu hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara kwa ajili ya SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya ile ya zamani, NHIF, Oktoba 2024, nami nimeandikishwa chini yake. SHA hutoa 10,000 kwa uzazi wa kawaida na 30,000 kwa upasuaji, kwa hiyo tulijua zinazobaki ni zetu, tukaanza kuweka. Mahamri elfu kadhaa yamezama katika kitanda kile.

Usiku wenyewe ulikuwa wa Jumatano. Chupa ilipasuka saa tano na robo, na mvua kama vile nilivyokuwa nimeota. Teksi ilitumia dakika kumi na mbili. Hapa nataka kumsifu mtu ambaye hakuna anayemwandikia: askari wa getini. Alipoona gari limewasha taa za hatari alifungua geti kabla dereva hajapiga honi, na kiti cha magurudumu alikuwa nacho kando ya kibanda chake, amekifunika nailoni kisilowe. Ghorofani mkunga aliniuliza mambo matatu: mimba ya ngapi, maji yametoka saa ngapi, yana rangi gani. Miaka sita nyuma, kule kwenye samaki, swali la kwanza lilikuwa kama nimeshatuma pesa kwa M-Pesa. Hapa waliziuliza pia, lakini nilikuwa nimeshalala kitandani na mtoto ameshasikilizwa.

Walimsikiliza kwa kile kidude cha mbao kama tarumbeta ndogo, mkunga akiweka sikio tumboni na jicho kwenye saa ya ukutani. Kila nusu saa. Mashine ipo, lakini aliniambia mashine anaileta akisikia jambo asilolipenda. Kila aliponipima njia alisema kwanza, "Nikuguse sasa, dada?" Unaweza kuona ni jambo dogo. Mimi niliyeshonwa bila kuulizwa silioni dogo.

Niseme habari ya stara, maana sisi wa pwani tunaijali na Nairobi watu huona tunadeka. Nilikuja na leso zangu mbili. Moja ilikuwa kisutu, kile kile nilichovalishwa siku ya harusi, mama yangu alikinunua Mombasa, Biashara Street. Pazia kati yangu na mwenzangu lilikuwa limekatika kulabu tatu, likaacha upenyo wa kupitisha kichwa. Nikamwonyesha mkunga. Akatoka, akarudi na vibanio vya nguo, vya plastiki, vya rangi rangi, akalibana kutoka juu mpaka chini. Sijui alivitoa kamba ya nani. Daktari alipokuja kuniona, naye ni mwanamume, mkunga alitangulia kuingia, akaniuliza kama niko tayari, akanitandazia kisutu changu magotini. Mapazia ya zambarau yale ya zamani hayakuwa na upenyo hata mmoja, na walikuwa wakiingia kupitia hayo kama sokoni.

Mume wangu walimruhusu. Kwa masharti: akae upande wa kichwa, asizurure kwa wengine, na akizirai hakuna wa kumwokota. Niliruhusiwa kutembea ujiani, kunywa maji, kula tende nilizokuja nazo. Kule kwanza nilifungiwa kinywa saa kumi na moja nzima.

Mwanangu alizaliwa saa tisa na dakika kumi usiku. Wallahi sikupanga. Kilo tatu na gramu 400, akalia kabla miguu haijatoka. Wakamlaza kifuani mwangu na uchafu wake vile vile, wakatufunika pamoja, kamba ya kitovu wakaingoja ikatulia ndipo wakaikata. Mume wangu akaomba aadhini. Mkunga, ambaye alikuwa na msalaba shingoni, alimwashiria mwenzake apunguze sauti ya redio, wakasimama kimya mpaka akamaliza sikio la kulia, na iqama sikio la kushoto. Hilo halimo katika orodha ya bei ya hospitali yoyote.

Kisha nikaanza kutoka damu.

Chini yangu walikuwa wameshatandika mfuko wa plastiki wenye mistari ya vipimo, kama jagi la kupimia unga. Nilikuwa nimeuona nikadhani ni wa kulinda godoro. Kumbe damu ndiyo inayopimwa, kwa sababu kwa macho tu watu hukisia kidogo kuliko ilivyo. Mililita 500 baada ya kuzaa kawaida huhesabiwa hatari, na kuvuja damu ndiko kunakoua wanawake wengi katika uzazi. Haya nilielezwa kesho yake. Wakati ule nilichosikia ni mkunga akisema, "Mia tano, na inaendelea," kwa sauti ya kawaida kabisa, kama konda anayehesabu chenji. Mmoja akaanza kunikanda tumbo, si ule ukandaji wa bibi yangu wa maji ya moto, huu ulikuwa wa ngumi, niliona nyota. Wa pili akanipiga sindano ya kukaza mji wa uzazi na kunifungulia dripu. Wa tatu alimchukua mtoto, akamwambia mume wangu vua shati, akamweka mtoto kifuani mwake na kuwafunika wote wawili.

Na mlango wa mwisho wa ujia ukafunguka. Daktari alifika amevaa shati la ndani nje, nywele zimelala upande mmoja. Sikuwa na saa, lakini mume wangu, ambaye sasa nadhani ni ugonjwa, alihesabu: hakufika dakika mbili. Wakaongeza dawa ya kugandisha damu kwenye dripu, akakagua kondo la nyuma kama limetoka lote, akanipekua kama nimechanika. Sikuwa nimechanika. Mfuko ulisimama kwenye 800. Chupa mbili kati ya zile nne za friji zilitolewa na kuwekwa tayari, hazikuhitajika. Alfajiri daktari alirudi, safari hii shati limegeuzwa, akanieleza kilichotokea mwanzo hadi mwisho na akaniambia mimba nyingine nikiwa nayo niwaambie mapema kwamba niliwahi kuvuja.

Sasa lawama. Chakula chao, Mungu anisamehe. Nilizaa usiku, asubuhi nikaletewa chai ya maji yaliyochemka jana na mkate mkavu. Iliki? Hata majani yalikuwa ya kubahatisha. Mchana ugali na kabichi, saa tisa umeshakuwa tofali. Mama mkwe alileta uji wa pilipili manga na mchuzi wa kuku kwenye chupa ya chai, akawagawia na wenzangu wawili, hapo wodi ikapata uhai.

Nesi wa zamu ya mchana alikuwa na haraka ya maziwa ya kopo. Mtoto alilia mara mbili, akasema maziwa yangu hayajashuka, nimtume mume wangu dukani. Mkunga wa usiku alipoingia alimkuta mtoto ananyonya vibaya, chuchu tu mdomoni, akanionyesha namna ya kumwingiza na weusi wote, yakashuka. Hospitali moja, midomo miwili. Nimelisema hili kwa muuguzi mkuu.

Bili ilikuja na mstari unaoitwa "vifaa", 6,300, ambao haukuwamo katika ile 48,000. Glavu, pamba, pedi, na huo mfuko wa vipimo. Tulibishana kwa upole nusu saa, wakatupunguzia 3,500. Kama ningekuwa na ile bei yao kwa maandishi tusingebishana. Ombeni karatasi, na ombeni iandike kilichomo.

Kondo la nyuma lilileta kesi ya kwake. Bibi yangu, aliyewahi kuzalisha nusu ya mtaa wake kule Mombasa, alipiga simu kabla hata ya kuuliza mtoto amefanana na nani: "Mwanangu, kondo limezikwa wapi?" Hospitali wana fomu, ukitaka kulichukua unatia sahihi unapewa. Lakini ghorofa ya tatu South C nitalizika wapi, kwenye chungu cha maua? Tuliwaachia. Bibi hajaniridhia mpaka leo, na nikimpigia simu hulianzisha.

Kawaida hukaa saa 24 baada ya kuzaa ukiwa mzima. Mimi walinizuia siku mbili kwa ajili ya ile damu. Mtoto alipata sindano ya vitamini K na dawa ya macho siku ile ile, kisha BCG, chanjo ya kifua kikuu, mkono wa kushoto na matone ya polio kabla ya kutoka. Wakatupa klorheksidini ya kupaka kitovuni, na onyo lililoelekezwa moja kwa moja kwa mama mkwe kwamba hakuna kingine cha kupakwa. Karatasi ya taarifa ya kuzaliwa waliiandika vizuri, ila jina la babu walilikosea herufi mbili, nikawarudishia hapo hapo. Msitoke nayo na kosa. Cheti huombwa eCitizen, tovuti ya serikali, kwa majina ya karatasi hiyo, na ikipita miezi sita usajili wako unahesabiwa wa kuchelewa.

Siku ya tatu nikiwa nyumbani yule mkunga alinipigia, akaniuliza pedi nabadilisha ngapi kwa siku, kichwa kinauma, naona maluwiluwi, nina homa, mtoto anakojoa mara ngapi. Sikujua kama hiyo ni kazi yao au ni wema wake. Nilimwambia akipita South C asubuhi mahamri yake yapo.

Kwa nyota tano ninawapa nne. Mngedhani nyota niliyoikata ni ya bili, au ya ile chai. Hapana. Kisutu changu kilichukuliwa usiku ule kikiwa na damu, wakasema kinakwenda kufuliwa. Kimekwenda. Nimepiga simu mara tatu, na wiki ya sita tulipokwenda kuangaliwa nilishuka mwenyewe mpaka kwa dobi, nikaonyeshwa rundo la mashuka meupe. Nyekundu, nyeusi na nyeupe, pindo limeshonwa kwa uzi wa mkono kona moja. Nyota ya tano iko humo humo kwenye beseni, wakikipata watazichukua pamoja.